Uzi Uliobaki

6 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini karakana bado inanuka gundi na vumbi la mbao, na kwamba bado unawafukuza kuku kwa kuwarushia msasa.

Nimenunua mandolini. Usicheke kwanza. Ilikuwa imening'inizwa dukani kati ya masanduku ya safari na pasi za umeme, na muuzaji akaniapia: "Dada, hii inajiimba yenyewe, wewe kazi yako kuishika tu." Bei yake haifiki ya viatu vyangu vya kazini. Nilipoifikisha chumbani nikaelewa kwa nini. Nyuzi zake nane zimelegea kama kamba za kuanikia nguo, na kile kipande cha mbao kinachozibeba juu ya tumbo nimekikuta ndani ya boksi, peke yake, kimefungwa kwenye gazeti. Nadhani kimebanduka. Nimeshanunua gundi, nangoja neno lako tu.

Utauliza mimi na mandolini wapi na wapi. Kweli, kati yetu pacha, mpigaji alikuwa Wa Kwanza. Mimi Wa Pili nilikuwa mtu wa vitabu. Lakini tangu tumzike, Mjomba, nimebaki na vitu vyake ambavyo sikuviomba. Uso wake ninao, nakutana nao kwenye kila kioo. Sauti yake ya kuongea ninayo pia, ndiyo sababu sipigi simu nyumbani. Unakumbuka ile mara moja Mama alipopokea, akaita "Wa Kwanza?", halafu nikasikia simu ikianguka sakafuni. Kitu alichokuwa nacho yeye peke yake, mlio wa mandolini yake, ndicho kimenitoka. Nakaa kazini, kalamu nyekundu mkononi, nasahihisha vitabu vya watu, na katikati ya sentensi najaribu kuukumbuka. Sipati kitu. Ni kama kuingiza mkono mfukoni na kukuta mfuko umetoboka.

Nataka niusikie tena, hata mara moja. Kwa hili nakuhitaji wewe.

Ile yake Mama aliitoa nyumbani na hatukuthubutu kuuliza ilikwenda wapi. Kwa hiyo, tafadhali, asijue. Niliondoka ili apumzike na sura hii. Sitaki nimpelekee na mlio.

Mpwa wako,
Wa Pili


19 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Gundi irudishe dukani leo hii. Hicho kipande hakikubanduka popote. Hilo ni daraja, na daraja la mandolini halibandikwi. Linasimama kwa kukandamizwa na nyuzi, basi. Nyuzi zikilegea zote pamoja, linaanguka. Ndiyo maana fundi akibadilisha nyuzi anabadilisha mmoja mmoja, ili nyingine ziendelee kushikilia nyumba.

Watu husema rahisi huvunja upishi. Sawa, lakini hata mpishi mzuri alianza na sufuria mbovu. Pitisha kidole ubavuni mwa shingo. Kama vile vyuma vilivyolala kukatiza shingo vinakukwaruza, vipitishie msasa laini mpaka viache ubishi. Alafu pale juu, nyuzi zinapovuka kuingia kichwani, pana kizingiti chenye mifereji. Paka risasi ya penseli kwenye kila mfereji ili uzi uteleze. Alafu simamisha daraja, kaza nyuzi kidogo kidogo, zote kwa zamu, usimalize mmoja ndipo uanze mwingine.

Nyuzi ni nane lakini sauti ni nne, maana zinakwenda pacha pacha. Kuanzia nene: G, D, A, E. Kuzitafutia sauti sisi hatusemi kukaza, tunasema kupatanisha. Ukimpandisha mmoja akampita pacha wake, usimshushe mpaka hapo na kumwacha, atakudanganya na kulegea usiku. Mshushe chini kabisa, umpandishe tena. Sauti hufikiwa kutoka chini.

Sasa nisikilize. Macho yangu yameingia ukungu, yote mawili. Haya unayosoma ni maneno yangu ila mkono si wangu. Ananisomea na kuniandikia mtu wa hapa hapa, anahudhuria kisomo cha watu wazima, na hana muda mrefu tangu ajue kuunga herufi. Mimi nasema pole pole, yeye anaandika pole pole kunishinda. Umvumilie.

Hayo ya mama yako nimeyasikia.

Mjomba wako,
Fundi

Hunakula vizuri?


2 Machi

Mjomba,

Shikamoo, na pole kwa macho. Ungeniambia mapema.

Mpe salamu mwandishi wako. Mwambie nimegundua wizi: ile h aliyoiiba kwenye "halafu" amekwenda kuibandika kwenye "unakula". Airudishe kwa mwenyewe. Asione vibaya, ni ugonjwa wa kazi yangu. Wenzangu ofisini wanasema siku nikifa nitasahihisha tangazo langu la msiba.

Gundi nimeirudisha. Muuzaji akauliza, "Imejiimba?" Nikamwambia bado inasafisha koo. Nimefanya yote, msasa, penseli, daraja. Kwenye simu nimeweka kile kipimo cha sauti, mshale wake ukisimama katikati unajua umefika. Pacha wa nyuzi nene wanapatana vizuri. Wale wembamba ni wabishi. Mama mwenye nyumba alinigongea mlango: "Binti, huyo paka unamminya mkia wa nini?"

Lakini kuna jambo. Nikipiga, halafu nikalaza kiganja juu ya nyuzi kuzinyamazisha, mlio hauishi. Nyuzi zimetulia, nazishika, nazihisi zimetulia kabisa, na bado kuna sauti ndogo, ya juu sana, inaendelea. Kama mtu aliyesimama nyuma yangu anayemalizia neno langu. Mara ya kwanza niligeuka. Mara ya pili niligeuka pia, na nilikuwa nimeshajua hakuna mtu. Sasa ninapiga nikiwa nimeegemea ukuta. Ni kosa la chombo, au ni mimi?

Mama hajambo? Sokoni bado wanamwita Mama Pacha? Nilikuwa naogopa sana jina hilo siku zile baada ya msiba. Mtu akimwita, yeye alikuwa haitiki. Anaendelea kupanga nyanya kama aliyeitwa ni mwingine. Na nyumbani asubuhi alikuwa anatoa vikombe vyetu viwili kabatini, anaviweka mezani, anakitazama cha pili, halafu ananimiminia chai amegeukia ukutani. Siku moja nilivaa blauzi ya kijani ya Wa Kwanza kwa sababu zangu zilikuwa majini. Mama alitoka jikoni, akaniona, akatabasamu. Mjomba, lile tabasamu. Lilikuwa limekwishafika machoni ndipo akajua ni mimi. Nilifungasha wiki hiyo hiyo.

Haya sijawahi kumwambia mtu. Nakwambia wewe kwa sababu uko mbali, na mwandishi wako hanijui.

Wa Pili


28 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Tumechelewa kukujibu. Msomaji wangu alifika nusu ya barua yako akasema miwani imejaa vumbi, tutamalizia kesho. Kesho vumbi likawa bado lipo. Tukaimaliza wiki iliyofuata.

Si wewe, na chombo hakina kosa. Tazama nyuma ya daraja. Pale nyuzi zinapokwenda kufungwa mkiani kuna vipande vifupi ambavyo hakuna anayevipiga. Hivyo havipigwi lakini vinasikia. Ukipiga mbele, vyenyewe vinaitikia nyuma, na ukinyamazisha mbele, vya nyuma havina habari, vinaendelea. Mandolini zote ziko hivyo, za bei nafuu zaidi. Dawa yake ni kitambaa. Kata ukanda mwembamba, upenyeze katikati ya vile vipande, kimoja juu, kimoja chini, kama unasuka mkeka. Kimya.

Halafu mahali pa daraja. Gusa uzi juu ya chuma cha kumi na mbili bila kuukandamiza, upige. Utasikia mlio mdogo kama filimbi. Kisha kandamiza hapo hapo, upige tena. Sauti mbili hizo zifanane. Ya kukandamiza ikiwa juu, sogeza daraja kuelekea mkiani. Ikiwa chini, lisogeze kuelekea shingoni. Ni kusogeza kwa upana wa ukucha tu, usilihamishe kama kabati.

Mama yako yupo. Sokoni wanamwita vile vile. Siku hizi anaitika.

Mjomba wako,
Fundi

Hapo unapolala kuna baridi? Blanketi lile la mistari ulilisahau.


9 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Naona "halafu" imepata h yake. Mwandishi wako anajifunza haraka kuliko waandishi wengine ninaowachoshea macho yangu.

Tena nina swali. Fundi wa vinanda, mzee mwenye heshima zako, tangu lini unajua habari za blanketi la mistari? Na kula kwangu? Wewe ulikuwa ukisahau hata tumezaliwa mwezi gani. Haya maswali ya chini ya sahihi si yako. Yana harufu ya mwanamke. Mjomba, umepata mtu? Anaingia ndani mpaka anayaona mablanketi? Kama ndivyo sema tu, nianze kujizoeza kumwita mkaza mjomba. Mama amemkubali? Ama naye anafichwa kama mimi ninavyoficha mandolini?

Daraja nimelisogeza. Filimbi na sauti ya kukandamiza sasa zimefanana, na nilijisikia kama nimetatua hesabu.

Kitambaa nilikata kwenye mkono wa ile blauzi ya kijani. Niliondoka nayo, sijui kama mlijua. Nimekisuka kati ya vile vipande vifupi kama ulivyosema, na sauti ya nyuma imekoma papo hapo. Mandolini ni sahihi sasa. Kila pacha amepatana na mwenzake, mshale unasimama katikati, mama mwenye nyumba amenyamaza. Na nimeketi kitandani nayo kama mtu aliyefukuza mgeni halafu akakumbuka hana mgeni mwingine. Nilitaka kujua kama nimerukwa na akili, umeniambia ni vipande vya waya. Nashukuru. Lakini wakati bado nageuka kutazama, Mjomba, angalau nilikuwa na sababu ya kugeuka.

Wimbo wake ule wa jioni nimeupata mwanzo tu. Unapanda, unapanda, halafu unafika mahali pa kugeuka, na hapo sikumbuki. Nauanza upya. Nimeuanza mara nyingi mno.

Wa Pili


20 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimecheka mpaka fimbo yangu ikaanguka ikaenda kuua mayai ya kuku. Mkaza mjomba! Msomaji wangu hakucheka. Alifika kwenye neno hilo akatua miwani mezani, akaniambia, "Huyu mtoto ana adabu kweli?" Nikamwambia alilelewa vizuri, kosa ni shule.

Hapana, sijaoa. Mengine uyaache kwa sasa.

Angalia usiupandishe kupita kiasi ule wembamba. Nyuzi zinazokuja na chombo cha bei hiyo ni za kudanganyia muuzaji na mnunuzi. Zikifika sauti, zinakuwa zimefika mwisho wao. Ukikaza, geuza uso pembeni. Nakuonya, geuza uso.

Mjomba wako,
Fundi

Wimbo unapofika mahali pa kugeuka, haupandi tena. Unashuka.


4 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Sikugeuza uso.

Ulikuwa ule wembamba, mmoja wa pacha wa mwisho. Mwandishi wako alisema wimbo unashuka, nami nikataka kuujaribu mara hiyo hiyo, na pacha mmoja alikuwa nyuma ya mwenzake kwa unywele tu. Nikageuza sikio la kukazia kidogo, nikainama kusikiliza. Ulikatika kwa sauti ya kofi. Umenichana chini ya jicho la kushoto mpaka karibu na pua. Jicho ni zima. Zahanati wamenishona, wanasema kovu litabaki.

Niliporudi nilisimama mbele ya kioo nikiwa na bandeji. Leo nimeitoa. Mjomba, hayupo. Wa Kwanza hakuwa na alama hii. Tangu azikwe nilikuwa namwona kila asubuhi ninapopiga mswaki, nikimchukia na kumsalimia, na sasa pale kwenye kioo pana mtu mwingine, amechubuka, anafanana na mimi. Nililia kama siku ya msiba. Siku ya msiba sikulia, unakumbuka, watu walisema.

Kisha nikafikiri jambo ambalo naona aibu kuliandika. Nilifikiri: labda sasa Mama ataweza kunitazama. Nilifurahi. Nilishika ile nyama iliyovimba nikafurahi, kama mtu aliyepewa kibali.

Niambie ukweli, unadhani ataweza?

Na niambie la kufanya na chombo. Uzi mmoja umekatika, pacha wake bado yuko palepale, mzima, peke yake, na nikimpiga analia vizuri tu. Sijui kama anatakiwa kubaki.

Wa Pili


15 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba, na pole sana. Kuhusu chombo kanuni ni moja. Uzi mmoja wa pacha ukikatika, hubadilishi mmoja. Mpya na mzee hawapatani hata ufanyeje. Kwa hiyo ule uliobaki nao utoe, utupe, uweke

Hapana.

Mjomba wako anasema andika. Mimi siandiki. Ameniambia ni kanuni ya kazi, nimemwambia akaifanye kazi yake na kuku wake. Ametoka nje. Sasa naandika peke yangu, hakuna anayenisemea, kwa hiyo makosa yote ni yangu.

Uliobaki usiuguse. Ni mzima. Hajakosa kitu. Uache.

Mwanangu, ni mimi. Nilianza kisomo baada ya wewe kuondoka kwa sababu simu nilishindwa. Nikasema nitajua kuandika, na barua haina sauti, nitaiweza. Kabla sijafika kwenye kuandika barua, ikaja yako kwa mjomba wako, akanipa nimsomee. Mstari wa kwanza nilijivunia kusoma. Nilipofika pale uliposema asijue, nilikuwa nimeshasoma kwa sauti. Mjomba wako akasema, "Basi hujui. Endelea."

Nimezisoma zote. Ile ya blauzi nimeisoma peke yangu pia, kidole juu ya neno.

Kovu lipake mafuta lisikaze. Usilifurahie. Unauliza kama sasa nitaweza kukutazama. Kwani ulidhani nilishindwa kwa sababu mnafanana? Nimewazaa, nimewanyonyesha gizani, nilikuwa nawatambua kwa jinsi mnavyopumua. Siku ile ya blauzi nilikutabasamia wewe. Niliona wewe umevaa nguo nzuri badala ya zile nyeusi. Kisha nikaona uso wako umebadilika umejaa hofu, nami nikaogopa hofu yako, nikarudi jikoni. Mpaka ulipoyaandika ndipo nilipojua ulichokuwa unakiona.

Na ukutani nilikuwa natazama kweli. Niliogopa nikikutazama sana nawe utaisha. Mwenzio nilimtazama usiku na mchana kitandani pale, sikupepesa, na akaisha nikiwa namtazama.

Mandolini yake sikuitupa. Ipo sokoni kwa yule mshona viatu, juu ya kabati lake, maana nilitaka iwe mahali naweza kupita na nisipite. Siku hizi napita.

Kitambaa cha kijani kitoe. Niliushona mimi mkono ule na sikuushona kwa kuziba mtu mdomo. Viache vipande vya nyuma viitikie.

Njoo nayo hivyo hivyo, nyuzi saba. Wimbo unaposhuka unapita mahali pamoja tu, halafu unarudi mwanzo. Alikuwa akiupiga mlangoni mwa jikoni, mimi nikipepeta mchele. Wewe ulikuwa chumbani, unasoma. Nitakuimbia.

Mama yenu,
Mama Pacha

Halafu. Nimeirudisha kwa mwenyewe.


24 Mei

Mama,

Shikamoo.

Barua yako nimeisoma bila kalamu mkononi.

Kitambaa nimekitoa. Nilipiga ule mwanzo, ukapanda, ukafika pa kugeuka, nikaushusha kama ulivyosema, nikapotea, nikalaza kiganja juu ya nyuzi. Nyuma ya daraja vikaendelea. Sikuegemea ukuta, na sikugeuka. Nilikaa nikavisikiliza mpaka vilipoamua vyenyewe. Si mlio wa mandolini yake, Mama. Lakini ni jinsi alivyokuwa akimaliza, ule mtikisiko wa mwisho baada ya kuondoa mkono. Ndio huo. Ulikuwa huo.

Nakuja mwisho wa mwezi. Simama mlangoni nikifika, unitazame mpaka uchoke, tuone nani ataisha.

Katika barua ya kwanza uliniuliza swali, nami badala ya kujibu nikasahihisha herufi.

Nakula, Mama. Nakula vizuri.

Wa Pili